Deni la Ndege

"Bado hatujamaliza deni la ndege, dada. Sasa mnataka tubebe na la chuo?"

Mama aliyesema maneno haya alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi, ndani ya chumba ninachofundishia masomo ya afya katika shule ya upili, kwenye mji mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani. Mezani palikuwa na fomu ya kurasa mbili na kalamu ambayo hakuigusa. Bintiye wa miaka 16 alikuwa amejiinamia. Kanuni ya shule ni kwamba mzazi asiyejua Kiingereza akitia saini lolote, lazima awepo mkalimani rasmi. Basi nilikuwa nimepiga simu ya wakalimani nikaiweka katikati ya meza, nami nikanyamaza, mimi niliyezaliwa na kulelewa Mombasa. Mkalimani alisoma vizuri mpaka akafika pale fomu inaposema mwanafunzi atapata krediti 3 za chuo, yaani pointi za masomo; kwa Kiingereza neno hilohilo, credit, ni pia mkopo. Akasema: "Mtoto wako atapewa mikopo mitatu ya chuo."

Nikamwona mama anairudisha mikono yake mapajani.

Asiyeyajua maisha ya wakimbizi hapa huenda asiuone uzito wa neno hilo. Familia hii ilitoka Fizi, Kivu Kusini, nchini Kongo, ikakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ndipo ikaletwa Iowa. Walioletwa kwa mpango wa Marekani wa kuwapa wakimbizi makazi walikopeshwa nauli ya ndege kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na kabla ya safari wakubwa wa familia walitia saini hati ya kuahidi kulipa. Mkopo hauna riba. Lakini miezi michache baada ya kufika, barua za malipo ya kila mwezi zilianza kuingia, na kwa nyumba ya watu tisa deni hilo ni maelfu ya dola. Mama huyu alikuwa na deni la Marekani kabla hajaikanyaga Marekani. Halafu mimi namletea karatasi nyingine, na kwenye simu inatoka sauti ileile ya kukopa.

Niliingilia kati. "Mama, huu si mkopo. Ni masomo. Hulipi kitu." Alinisikiliza kwa heshima zote, akaikunja fomu mara mbili, akasema atazungumza na baba watoto. Fomu haikurudi. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ikapita, na msichana yule akakaa muhula mzima kwenye somo jingine huku akiwaona wenzake wakipita ukumbini na sare za mafunzo ya uuguzi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua tumempoteza kwa neno moja.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo haya: chuo kilichotajwa kwenye ile fomu ni chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili chenye karo nafuu. Hutoa vyeti na diploma za kazi, kama uuguzi, uchomeleaji vyuma, magari, umeme na kompyuta, na pia miaka miwili ya mwanzo ya shahada kwa watakaohamia chuo kikuu. Iowa ina vyuo 15 vya aina hii. Mwaka 2008 jimbo lilipitisha sheria iitwayo Senior Year Plus, iliyoziweka chini ya paa moja njia zote za mwanafunzi wa upili kusoma kozi za chuo. Njia inayotumika sana ni hii: wilaya ya shule inaingia mkataba na chuo, mtoto anaandikishwa chuoni akiwa bado upili, kozi moja inahesabiwa pande zote mbili, wilaya inakilipa chuo, mzazi halipi karo. Jimbo nalo huipa wilaya fedha za ziada kwa kumhesabu mwanafunzi huyo kwa uzito zaidi, 0.70 kwa kozi za kazi na ufundi, 0.46 kwa kozi za kawaida kama historia, kwa kadiri ya muda anaotumia katika kozi hiyo. Napenda kwamba za kazi zimepewa uzito mkubwa. Darasa la historia linahitaji vitabu na mwalimu mzuri. Darasa langu linahitaji vitanda vya wagonjwa, viti vya magurudumu, mashine za kupima presha, na nafasi katika nyumba ya wazee ambako watoto watagusa watu wa kweli. Leo zaidi ya theluthi moja ya walioandikishwa katika vyuo vya jamii vya Iowa ni watoto ambao bado wako shule ya upili.

Mimi mwenyewe nina sababu yangu ya kulipigania jambo hili. Nilisomea uuguzi Kenya miaka mitatu na nusu, nikafanya kazi wadini, nikazalisha akina mama usiku kwa taa ya kandili umeme ulipokatika. Nilipofika Marekani vyeti vyangu vilipelekwa kutathminiwa, na kozi kadhaa hazikukubaliwa. Nikalipia upya masomo ya mwili wa binadamu kwa pesa za zamu za usiku, nikiwa muuguzi msaidizi, CNA, katika nyumba ya wazee. Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikifundishwa sehemu za moyo ambazo nilikuwa nimezisikiliza kwa masikio yangu miaka sita. Baadaye nilifaulu mtihani wa NCLEX na kupata leseni. Lakini ile hali ya kurudia kitu unachokijua kwa sababu tu hakuna karatasi inayosema unakijua, sikutaka mtoto yeyote aipitie mikononi mwangu.

Na bado ilimpata mmoja, ingawa si wa darasa langu. Huyu alikuwa wa karakana.

Kijana wa Kirundi, mrefu, mpole, mkono wake umetulia kama wa mshona nguo. Alisoma kuchomelea vyuma miaka miwili pale shuleni. Kijitabu cha masomo kiliandika kwamba atakayemaliza atakuwa na krediti 9 za chuo, na mwalimu wake aliwaambia hivyo kwa nia njema kabisa. Alipohitimu hakwenda chuo moja kwa moja. Babake alikuwa ameumia mgongo kazini, basi akaingia kiwanda cha nyama miaka miwili na nusu kuisaidia nyumba. Alipokwenda kujiandikisha chuoni, karani alitafuta jina lake, akatafuta tena, akamwambia hakuna kitu. Alinipigia simu akiwa kwenye maegesho ya chuo. "Mwalimu, wanasema sijawahi kusoma."

Nilikwenda naye siku iliyofuata, nikaomba kuonana na msajili, na hapo ndipo nilipolijua jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo. Kuna ushirikiano wa aina mbili, na kwa mzazi au mwanafunzi vinafanana kabisa. Katika aina ya kwanza, niliyoieleza hapo juu, mtoto ni mwanafunzi wa chuo tangu siku ya kwanza na alama zake zinaingia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama, ya chuo muhula ukiisha. Katika aina ya pili, shule na chuo vinakubaliana kwamba somo fulani la upili linalingana na kozi fulani ya chuo, na chuo kinaahidi kuitambua baadaye, ikiwa mtoto atakuja chuo hichohicho, kwenye programu hiyohiyo, na alama ya B au zaidi, ndani ya miaka miwili, akiwa na fomu iliyosainiwa na mwalimu wake. Mikataba ya namna hii ilienea Marekani baada ya sheria ya shirikisho ya elimu ya ufundi, Perkins, ya mwaka 1990 kuanzisha mpango wa Tech Prep, miaka miwili ya upili ikiungana na miwili ya chuo. Mwaka 2011 fungu la fedha la mpango huo liliondolewa. Mikataba mingi ilibaki, lakini mtu aliyekuwa akilipwa kuifuatilia hakuwepo tena.

Wetu ulikuwa mmoja wa hiyo. Chuo kilikuwa kimebadilisha namba za kozi zake na kutuma mkataba mpya, na karatasi hiyo ilikaa ndani ya faili la ofisi yetu bila saini. Hata kama ingesainiwa, kijana alikuwa amechelewa miezi sita. Alirudia kozi zote tatu. Alichomelea mabati yaleyale, kwa mashine za aina ileile, mstari kwa mstari. Hakulalamika mbele yangu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo, mtu akiniambia watoto wake wanapata krediti, namuuliza: leo hii, nikipiga simu kwa msajili wa chuo, jina la mtoto lipo? Kama jibu ni "litakuwepo akija", basi bado ni ahadi tu.

Kuugeuza mkataba wa karakana kutoka aina ya pili kwenda aina ya kwanza kulituchukua karibu miaka miwili, na kizuizi kikubwa hakikuwa pesa. Kilikuwa mwalimu. Kozi ikiwa ya chuo, anayeifundisha lazima atimize sifa za mwalimu wa chuo. Kwa masomo ya kazi, sheria ya Iowa inamtaka awe na shahada ya fani hiyo, au mafunzo maalumu pamoja na saa 6,000 za kazi yenyewe, za karibuni. Saa 6,000 ni kama miaka mitatu ya kazi ya siku nzima. Mwalimu wetu wa karakana alichomelea matangi ya maziwa miaka 11 kabla ya kushika chaki, lakini miaka hiyo ilikuwa imepita zamani. "Za karibuni" ni za lini? Alijiona anahojiwa kama mwanagenzi, mtu wa umri wa babangu. Kwa upande wa chuo, mwalimu wao aliogopa kwamba jina la kozi yake litapachikwa kwenye kazi ya watoto. Vikao viwili vya kwanza watu hao wawili hawakutazamana usoni.

Kikao cha tatu hatukukifanyia ofisini. Tulikwenda karakana ya chuo. Mkuu wa idara aliomba vipande vinne vya chuma vilivyounganishwa, viwili vya wanafunzi wetu, viwili vya wanafunzi wa chuo, vikatiwa alama za siri. Vikakatwa vipande vyembamba, vikapigwa msasa, vikaingizwa kwenye mashine ya kukunjia, inayokipinda chuma kama herufi U. Kama ndani ya kiungo kuna tundu la hewa au taka, chuma kinapopinda hupasuka. Wazee wawili waliinama pamoja juu ya mashine ile. Kipande kimoja kilifungua ufa kwenye ukingo, na walipoangalia alama kikawa cha chuo. Mwalimu wa chuo akacheka, akakigeuzageuza, akaanza kumwonyesha mwenzake kosa lilipoanzia, nao wakazungumza nusu saa nzima kuhusu pembe ya elektrodi. Baada ya hapo mwalimu wetu alikubali kufanya kazi kiwandani majira mawili ya joto ili kuongeza saa zake, na chuo kikakubali kumpa kibali cha muda chini ya uangalizi wa yule mzee mwenzake. Nimehudhuria semina nyingi za ushirikiano baina ya shule na vyuo. Hakuna iliyonifundisha kama mashine ile.

Darasani kwangu mambo yalikuwa mepesi kidogo, maana uuguzi msaidizi una kipimo kimoja cha chini nchi nzima. Sheria ya shirikisho inataka angalau saa 75 za mafunzo, na 16 kati yake ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Inataka pia mafunzo yasimamiwe na muuguzi mwenye leseni aliyefanya kazi miaka miwili, mmoja wapo katika utunzaji wa muda mrefu. Zile zamu zangu za usiku katika nyumba ya wazee, ambazo nilizilia wakati ule, ndizo zilizonipa haki ya kufundisha kozi hii. Mwanafunzi anayefaulu anapata krediti 3, anafanya mtihani wa jimbo wa maandishi na wa vitendo, na akiwa na miaka 17 anaweza kuwa na kazi yenye mshahara unaoeleweka. Programu nyingi za uuguzi hapa zinamtaka mwombaji awe tayari CNA, basi mlango huo ameshaufungua.

Watoto wetu wa Kikongo, Kirundi na Kisomali wana kitu ambacho sikukifundisha. Wanajua kumsalimia mzee. Siku ya kwanza ya mafunzo ya vitendo, wengine hukimbilia kusoma chati. Hawa huanza kwa kuinama kidogo, kumshika mzee mkono na kumuuliza ameamkaje. Nimemwona mkulima wa miaka 91, aliyekataa kulishwa na kila mtu, akifungua kinywa kwa msichana aliyezaliwa Nyarugusu.

Lakini mafunzo hayo huanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la shule halijaanza kuzunguka saa hiyo. Wazazi wengi wanatoka zamu ya usiku kiwandani saa moja. Muhula wa kwanza nilipoteza wanafunzi watatu wazuri kwa sababu ya usafiri tu, na nikawabeba wengine kwa gari langu mpaka mkuu wa shule akaniambia bima hairuhusu. Ilibidi tuombe wilaya itupe gari dogo na dereva, siku 8 kwa muhula. Ukiniuliza kilichookoa programu, nitakuambia ni gari lile.

Kuna jambo moja ambalo sikuwaambia wazazi mapema, na nalijutia. Alama ya chuo haifutiki. Mvulana mmoja alichukua kozi ya mitandao ya kompyuta akiwa na miaka 16, akaacha kuhudhuria wiki ya sita ili kukaa na wadogo zake wakati mama amelazwa. Hakuijaza fomu ya kujiondoa, kwa kuwa hakujua ipo. Akapata F. Akiwa na miaka 19, amejiandikisha chuo hicho kwa hamu kubwa, akapokea barua ya onyo kuhusu msaada wake wa karo. Vyuo vinavyotoa fedha za shirikisho hupima wastani wa alama za mwanafunzi, na pia sehemu ya kozi alizofaulu kati ya zote alizowahi kujiandikisha. F ile ya utotoni ilikuwemo. Tuliandika rufaa tukaambatanisha karatasi za hospitali, akakubaliwa. Sasa tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila F naiandika ubaoni kwa rangi nyekundu wiki ya kwanza, na wiki moja kabla ya tarehe hiyo nazungumza na kila mtoto peke yake.

Na wazazi nao. Mtoto akishaandikishwa chuoni, hata akiwa na miaka 15, sheria ya faragha ya rekodi za masomo, FERPA, inampa yeye haki juu ya rekodi zake za chuo. Mzazi akipiga simu, chuo kinaweza kumwambia hakiwezi kuzungumza naye. Kwa mzazi wa kwetu hili ni tusi. Baba mmoja aliniuliza, "Mtoto anakula kwangu, na mimi ni mgeni kwake?" Siku hizi mtoto anapewa fomu ya ridhaa siku ileile ya usajili, na namwomba aisaini mbele ya mzazi wake.

Yule mama wa Fizi alirudi mwaka uliofuata, bila kuitwa. Binti wa jirani yake, waliyetoka naye kambi moja, alikuwa amepita mlangoni kwake na kitambulisho cha kazi shingoni. Alikaa kwenye kiti kilekile. Safari hii sikuiweka simu mezani kwanza. Nilimwomba anisaidie: kama yeye ndiye angewaeleza akina mama wengine, angesemaje? Alifikiri kwa muda mrefu.

"Musiseme krediti," akasema. "Semeni ni masomo ya chuo ambayo mtoto ameshayamaliza. Akifika kule hatayarudia. Na muandike, kwa maandishi makubwa: haudaiwi."

Tukaandika hivyo hivyo. Neno "krediti" limebaki mara moja tu, kwenye mabano mwishoni, kwa sababu mtoto atakutana nalo chuoni. Nakala tulizipeleka kwa kampuni ya wakalimani, nao wakazikubali, pamoja na orodha ndogo ya maneno kumi na mawili ambayo mama huyo, mume wake na mimi tuliyapitia jikoni kwao Jumapili moja, juu ya sombe na bugali. Binti alimaliza saa zake 75 kabla ya kuhitimu. Mdogo wake wa kiume yuko karakana, katika kundi la kwanza ambalo majina yao yameingia kwa msajili tangu wiki ya kwanza, watoto 14.

Usajili wa muhula ujao unafungwa Ijumaa. Fomu mbili bado hazijarudi, zote za familia zilizofika mwezi uliopita. Kesho nitawafuata nyumbani baada ya saa tisa, wakiwa wameamka kutoka usingizi wa zamu, na yule mama ameahidi kwamba tutakwenda wote.